Aliweka Nyumba Rehani Ili Albamu Iwe Yake



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni lake la siku ya hina. Alikuja na mama yake na shangazi yake, maana huku kwetu gauni la mtu mmoja linahitaji macho sita. Nikiwa nambana mabega kwa pini, simu yake iliyokuwa juu ya meza ya kukatia ikaanza kuimba. Sauti ya mwanamke, lakini si moja. Ilikuwa kama wanawake kumi wanaimba kwa koo moja, na nyuma yao hamna ngoma, hamna fidla, hamna kinanda. Mama mtu akanyamaza, akasikiliza, kisha akauliza, "Hii kasida ya wapi? Mbona sielewi hata neno?" Binti akacheka mpaka pini ikamchoma.

Haikuwa kasida. Ni wimbo unaoitwa Hide and Seek wa Muingereza mmoja, Imogen Heap, na umo kwenye albamu yake ya mwaka 2005, Speak for Yourself, yaani jisemee mwenyewe. Binti aliuona mtandaoni akautaka kwa video ya gauni lake.

Usiku baada ya Isha, watoto wamelala, nikaanza kumsoma huyu mwanamke. Niseme mapema: hukumu ya muziki masheikh wetu wameizungumza na kila mmoja ana dalili zake. Mimi ni fundi cherehani, si mufti, simwambii mtu asikilize wala asisikilize. Kilichonishika mimi ni hesabu zake. Aliweka nyumba yake rehani, akakodi chumba, akajipa mwaka mmoja, akatoka na kazi yenye jina lake ndani na nje. Sisi wenye biashara ndogo habari kama hiyo hatuiachi ikapita.

Muziki wake ni ule unaoitwa pop ya sinthesaiza. Sinthesaiza ni kinanda ambacho ndani hakina uzi wala ngozi wala filimbi. Sauti inatengenezwa na umeme, na mpigaji anaweza kuifanya nyembamba, nene, ya kulia au ya kukwaruza. Msidhani ni mambo ya mbali na sisi. Taarab ya kisasa ilipopamba moto miaka ya 1990, kinanda cha umeme ndicho kilichochukua kazi ya fidla na kanuni. Palipokaa safu nzima ya wapigaji wakakaa watu wachache, na harusi zetu zikabadilika sauti. Marehemu bibi yangu alikiita kinanda cha uvivu. Lakini alikuwa anainuka kutunza kama wengine, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kule Uingereza wanawake walizigusa mashine za sauti mapema kuliko wengi wanavyodhani, na wote walikutana na suala moja: kazi hii ni ya nani? Mwaka 1958 Daphne Oram alikuwa miongoni mwa walioanzisha karakana ya sauti ya shirika la utangazaji la BBC, iliyoitwa Radiophonic Workshop. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya redio na televisheni. Mwaka uliofuata akaacha ajira, akaenda kufungua studio yake mwenyewe nyumbani kwake Kent, akaunda mashine inayogeuza michoro kuwa sauti.

Baada yake akaja Delia Derbyshire. Mwaka 1963 alipewa karatasi ya mtunzi Ron Grainer aitengenezee sauti kwa ajili ya kipindi kipya cha televisheni, Doctor Who. Sinthesaiza za kununua dukani hazikuwepo. Alirekodi noti mojamoja kwenye utepe, akaukata utepe kwa urefu aliopima, akaunganisha vipande mpaka wimbo ukatimia. Niliposoma hapo nilimuona kabisa, ameinama mezani kama mtu anayeunga viraka vya shuka. Grainer aliposikia alishangaa, akataka Delia atambuliwe kuwa mtunzi mwenzake. BBC haikukubali, kwa sababu utaratibu ulikuwa wafanyakazi wa karakana ile wasitajwe majina. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye skrini ya kipindi kile mwaka 2013. Yeye alishafariki tangu 2001.

Kabla ya Heap yuko pia Kate Bush, ambaye mwaka 1982 alisimamia mwenyewe utengenezaji wa albamu yake, kisha akajenga studio kwenye shamba la wazazi wake. Albamu aliyoirekodi humo, Hounds of Love ya mwaka 1985, ilishika namba moja Uingereza. Huyu naye ana mengi, lakini nikimfungulia mlango leo hatutamaliza.

Imogen Heap alizaliwa Desemba 1977, pembeni ya London upande wa Essex. Utotoni alisomea piano, selo na klarineti, muziki wa kuandikwa na wa nidhamu. Skuli ya bweni aliyosoma ilikuwa na kompyuta ya Atari, na kwenye kompyuta ile akajifundisha mwenyewe kupanga sauti, hii hapa, ile pale, rudia, futa. Kwa hiyo alikuwa na mkono wa mwanafunzi wa piano na jicho la fundi mitambo kabla hajafika miaka ishirini.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1998 ikaitwa iMegaphone. Ukizichukua herufi za jina lake ukazipanga upya unapata neno hilo, hebu jaribuni. Ilitoka chini ya Almo Sounds. Kampuni za kurekodi kwao huitwa lebo, kama tunavyokiita sisi kile kitambaa kidogo cha shingoni, na mtaona kwa nini neno hili limenikaa kichwani. Lebo ile ikauzwa kwa kampuni kubwa ya Universal, na msanii akajikuta nje. Akaingia ushirika wa watu wawili na mtayarishaji Guy Sigsworth, wakajiita Frou Frou, wakatoa albamu moja mwaka 2002. Haikuuzika walivyotarajia na kampuni haikuwaendeleza. Ajabu ni kwamba mwaka 2004, wakati kila mmoja ameshakwenda zake, wimbo wao Let Go ulitiwa kwenye filamu ya Garden State na watu wengi wakaupenda. Mteja alifika duka limeshafungwa.

Hapa nisimame nieleze biashara ya lebo inavyokwenda, maana bila hilo hamtaona uzito wa alichofanya. Kwa kawaida kampuni inampa msanii pesa ya kurekodi. Pesa ile si zawadi, inakatwa kwenye mgawo wake wa mauzo mpaka iishe. Lakini ikisha kulipwa, mara nyingi rekodi yenyewe inabaki mali ya kampuni. Yaani umechukua cherehani kwa mkopo, umelipa mpaka senti ya mwisho, halafu cherehani bado ya mwenyewe. Na mwenyewe akiamua kuifungia stoo, ndiyo basi.

Desemba 2003, akiwa na miaka 26, Heap alitangaza kwenye tovuti yake kwamba anaanza albamu ya pili ya peke yake, na mara hii ataiandika, ataipiga, ataitayarisha na kuichanganya mwenyewe. Hakungoja lebo. Alichukua mkopo kwa rehani ya nyumba yake ya ghorofani, akalipia kodi ya studio mjini London na kununua vyombo alivyovikosa. Chumba chenyewe kilikuwa katika Atomic Studios, ambacho kabla yake alikuwa akikitumia kijana wa rap wa London, Dizzee Rascal.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Siku ya kwanza tu, kabla hata wimbo mmoja haujaisha, aliweka miadi ya mwaka mmoja mbele na fundi wa kusawazisha sauti, yule wa hatua ya mwisho kabla nakala hazijatolewa. Desemba 2004, tarehe imeandikwa. Wapenzi, mtu asiye na bosi bosi wake ni tarehe. Nani kati yetu asiyejua? Harusi ikiwa Ijumaa, gauni linamalizika Alhamisi usiku, hata kama mshonaji ana homa. Gauni lisilo na tarehe ya harusi linakaa kwenye hanga mpaka linachuja rangi, na ninalo moja la kwangu mwenyewe tangu 2017.

Sasa rehani. Najua kuna anayesoma hapa ameshakunja uso, na mimi nilikunja. Mkopo wa benki ya kwao una riba, na riba hatuna mjadala nayo. Hapo njia yangu na ya Imogen Heap zinaachana na sioni haya kusema. Lakini nilipoendelea kusoma nikagundua kuwa nilikuwa nahukumu mkopo ili nisiulizwe suala jingine: mimi nimeweka nini mezani kwa ajili ya kazi yangu?

Nilipotoka chuo cha cherehani mwaka 2009 nilishonea duka moja mjini kwa miaka mitatu. Nilipewa kitambaa, nikapewa picha, nikakata kwa akili yangu. Mabaibui ya harusi yenye mkono wa kengele na ushanga wa nyuma ya kiuno niliyabuni mimi, usiku, mezani kwa mama. Yalivaliwa na mabibi harusi wengi. Kila moja lilikuwa na lebo ya duka. Siku niliyotaka kuondoka nikaomba nibaki na paterni zangu, zile karatasi za kahawia nilizozichora kwa mkono. Nikaambiwa karatasi zimenunuliwa na duka. Na kweli, karatasi zilinunuliwa na duka.

Nilianza upya na pesa ya upatu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, zamu yangu ilikuwa ya tisa, nikamuomba somo yangu tubadilishane akanipa ya tatu. Hiyo ndiyo rehani yangu: miezi tisa niliyobaki nikichangia pesa ambayo nilishaila, huku duka halijaingiza kitu. Haina riba, lakini usingizi inaondoa vilevile.

Turudi London. Mwaka mzima wa 2004 Heap alikuwa chumbani peke yake na kompyuta zake, kinanda, selo na kila kitu kinachotoa sauti. Kwenye tovuti akawa anaandika maendeleo ya kazi, na mashabiki wanasoma na kumjibu. Leo kila mwenye duka anaonyesha kitambaa kinavyokatwa kabla gauni halijaisha, wakati ule hilo lilikuwa geni. Mpiga gitaa mashuhuri Jeff Beck aliingia akapiga kwenye wimbo mmoja, Goodnight and Go. Vinginevyo karibu kila unachokisikia kimepita kwenye mikono miwili ya mtu mmoja.

Na sasa ule wimbo wa mama wa bibi harusi. Heap mwenyewe amesimulia mahojianoni ulivyopatikana. Alikuwa studio, siku imekwisha, na kompyuta aliyokuwa akiitegemea ikamharibikia. Kazi yote imo humo. Angeweza kurudi nyumbani, lakini hakutaka kuondoka siku ile hajafanya kitu. Akaona kwenye rafu kimashine cha DigiTech kinachozidisha sauti ya muimbaji. Akakichomeka pamoja na maikrofoni, kinanda kidogo na kirekodi cha minidiski chenye njia nne, akabonyeza kitufe, akaanza kuimba.

Kimashine kile kinafanya kazi hivi. Unaimba kwenye maikrofoni. Mkono uko kwenye kinanda, lakini kinanda hakitoi sauti yake, kinaiamuru mashine tu. Ukibonyeza noti nne, mashine inachukua sauti yako na kuitoa kwa noti zile nne kwa pamoja. Ukibadilisha vidole, wale wanawake wanne wanahama nawe. Kwa hiyo kwenye Hide and Seek unasikia koo moja tu, limezidishwa. Alichokiimba usiku ule, kwa dakika nne na kitu, ndicho kilichokuwa wimbo. Hakuongeza ngoma baadaye wala mlio mwingine wa kupendezesha.

Ndiyo maana mama yule alidhani kasida. Sikio lake halikukosea. Wenetu wanaotengeneza anashidi bila ala siku hizi, mwanamme mmoja akajirekodi mara sita au saba akawa jamaa nzima, wanapita njia inayofanana. Sidai kuwa waliitoa kwake. Nasema tu kwamba mwanamke aliyezungukwa na vinanda vya thamani, wimbo wake uliokwenda mbali kuliko yote aliupata siku vinanda viliponyamaza.

Jambo jingine lenye kunipendeza mimi fundi ni Just for Now, wimbo wa tisa kati ya kumi na mbili. Akiwa jukwaani aliuimba peke yake na kifaa cha kurudia sauti. Anaimba mstari, kifaa kinaushika na kuuzungusha. Anaweka wa pili juu yake, makofi, pumzi, wa tatu. Ni sawa na kuweka lesi juu ya tuli juu ya satini: kila tabaka ukilishika peke yake ni jepesi, yakikaa pamoja gauni linasimama lenyewe. Jukwaani pia hupiga chombo kilichotokana na mbira ya Zimbabwe, ambayo ni jamaa wa ilimba ya Wagogo wetu wa Dodoma. Kwa hiyo hata huko London kuna kidole gumba cha Kiafrika kimepita.

Miadi ya Desemba 2004 aliitimiza. Albamu ikakamilika, deni likabaki.

Mei 2005, kabla albamu haijafika madukani, tamthilia ya vijana ya Marekani iitwayo The O.C. iliutumia wimbo wa Hide and Seek kwenye kipindi cha mwisho cha msimu wake wa pili, pale risasi inapopigwa. Watazamaji wakaanza kuuliza huyu anayeimba ni nani. Mara hii duka halikuwa limefungwa. Mapema Julai wimbo ukawekwa kuuzwa kwenye intaneti, na tarehe 18 Julai 2005 albamu ikatoka Uingereza chini ya lebo yake mwenyewe aliyoiita Megaphonic. Nakala za mwanzo zilikuwa CD 10,000. Ziliuzwa madukani na kwenye duka lake la mtandaoni, zikaisha.

Hapo ndipo kampuni kubwa zikaja mlangoni. Na hapa, wenzangu wenye maduka ya magauni, sogeeni karibu. Hakuwauzia. Soko la Marekani alilitoa kwa leseni, RCA Victor iliyokuwa chini ya Sony BMG, nao wakaitoa albamu kule mwezi Novemba mwaka ule ule. Leseni maana yake ni kukodisha. Sisi tunalijua hili kuliko mwanasheria yeyote: gauni la harusi la kukodisha linavaliwa, linapigwa picha, linasifiwa ukumbi mzima, na Jumatatu linarudi kwenye hanga la mwenyewe. Gauni ulilouza halirudi, na aliyenunua akilikata likawa pazia huna neno. Kama angekwenda kwao miaka miwili kabla, na madaftari matupu na maombi ya pesa, wangemwandikia masharti wao. Alikwenda na kazi iliyoshonwa, iliyopigwa pasi na yenye wateja nje, akaandika yeye.

Mengine nitayapitia haraka. Kwa tuzo za Grammy za 2007 aliteuliwa katika fungu la msanii mpya bora, miaka tisa baada ya albamu yake ya kwanza (upya wa Marekani una mambo yake). Mwaka 2009 kijana Jason Derulo alichukua kipande cha Hide and Seek akakifanya kiitikio cha Whatcha Say, wimbo ukashika namba moja Marekani, na Heap ameandikwa humo miongoni mwa watunzi. Mwaka 2018 Ariana Grande akaimba toleo lake la Goodnight and Go. Na mwaka 2025, miaka ishirini kamili, vijana wa mitandaoni waliuokota Headlock, wimbo unaofungua albamu, ukaingia kwenye orodha ya nyimbo 100 za Marekani. Hawakuwa wamezaliwa wengine wao wakati anahangaika na kompyuta iliyoungua.

Nikimfikiria Delia Derbyshire na jina lililongoja miaka hamsini, na huyu ambaye kila kipande kikiokotwa lazima atajwe, naona tofauti yao si kipaji. Delia alikuwa na kipaji cha kuwatosha wote wawili. Tofauti ni karatasi, nani aliandikisha nini kabla ya kuanza kukata.

Albamu iliyofuata, Ellipse ya 2009, aliitengenezea kwenye nyumba aliyokulia, ambayo aliinunua kutoka kwa baba yake. Chumba cha chini walichokuwa wakichezea utotoni akakifanya studio. Albamu hiyo ikampa Grammy mwaka 2010, na si ya uimbaji, ni ya uhandisi wa sauti, kazi ya fundi. Usiku ule alivaa gauni lenye kola ya taa ndogo zinazoonyesha ujumbe wa mashabiki ukipita shingoni. Mimi nisingelishona hivyo, lakini nililitazama mara nyingi kujua waya amezificha wapi.

Baadaye akaingia kabisa kwenye fani yetu. Pamoja na wataalamu, na mbunifu wa mavazi akiwa mmoja wao, wakatengeneza glavu zinazoitwa Mi.Mu. Kitambaa chake kimeshonewa vihisio vinavyojua kidole kimekunjwa kiasi gani na mkono umeelekea wapi. Anakunja ngumi, sauti inakamatwa. Anafungua, inaachiwa. Wimbo mmoja wa albamu yake ya 2014 ulizaliwa kwenye glavu hizo. Ukizitazama kwa karibu utaona tatizo lao kubwa ni lile letu la kila siku: mshono upite wapi ili kiungo kikunjike na uzi usikatike.

Kwa nini nimeyaandika yote haya kwenye ukurasa wa mabibi harusi? Kwa sababu wiki ile ile ya binti na simu yake nililetewa habari na mfanyabiashara mmoja kutoka nje ya kisiwa. Amependa mabaibui yangu ya harusi. Anataka paterni saba, alipe kwa mkupuo, aende kuyashona kwa wingi kwa lebo yake. Pesa aliyotaja inalipa kodi ya duka ya mwaka na nusu na inabaki ya kununua mashine ya tarizi niliyoitamani tangu chuo. Mume wangu alisema nikubali. Mama alisema niswali istikhara. Somo yangu, yule wa upatu, alisema, "Zile za kwanza zilikwenda bure, hizi angalau zina bei."

Niliswali, na nikakaa na daftari. Nikaandika kila bibi harusi aliyevaa moja ya zile saba tangu niwe na duka langu. Nilipofika wa mia moja na kumi na nne nikaacha kuhesabu.

Nimemjibu hivi: paterni tatu, si saba. Misimu miwili, kuanzia baada ya Mfungo Mosi. Kila baibui litakalotoka liwe na lebo mbili, yake na yangu, na mgawo wangu kwa kila moja. Ikisha misimu hiyo paterni zinarudi kwangu, na asitoe nakala. Tuandikishiane mbele ya wakili na mashahidi wawili, maana Mwenyezi Mungu ametuambia kwenye Suratul Baqara tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike, na sioni kwa nini ya kushona yaende kwa mdomo.

Hajajibu, leo siku ya kumi na moja. Huenda asijibu. Mashine ya tarizi bado iko dukani kwa wenyewe, nimepita jana kuitazama.

Gauni la hina limetoka Alhamisi kabla ya Magharibi. Mama yake aliligeuza ndani nje kukagua mishono, kama nilivyotegemea, akafika shingoni akasoma lebo kwa sauti, jina langu lote na la baba yangu. Kisha akamwambia binti yake aiweke tena ile kasida isiyoeleweka, wakati mimi nafunga mfuko.